Mjomba, kaja kwenye intavyuu anadai kajenga mfumo wangu

Shikamoo Mjomba,

Naomba jina langu ulifiche maana hii ishu ikivuja nimekwisha. Mimi ni developa wa bakendi (ile sehemu ya programu inayofanya kazi nyuma ya pazia), nina miaka 3 kwenye kampuni niliyopo, na mwezi huu kwa mara ya kwanza menija kaniweka kwenye paneli ya kuhoji wanaoomba nafasi kwenye timu yetu. Nilifurahi balaa, si unajua ile raha ya kukaa upande wa pili wa meza.

Sasa juzi tukafika kwa mwombaji wa 4, intavyuu ya mtandaoni, neti ilikuwa inasumbua tukakubaliana wote tuzime kamera, na kazi yangu siku ile ilikuwa kuandika tu, anayeuliza ni menija. Jamaa kaanza kujieleza nikasikia sauti naijua. Naangalia jina kwenye skrini, Mjomba, ni mtu niliyekuwa nakaa nae dawati la pembeni kampuni niliyotoka! HR walitutumia CV zimefichwa majina ili tusipendelee mtu, alafu ile kampuni ilikuja kununuliwa ikabadilishwa jina, kwaiyo kwenye CV yake inasomeka jina jipya na kwangu lilibaki la zamani, menija ambaye kaja mwaka huu hana habari kabisa.

Menija akamuuliza, projekti unayojivunia kuliko zote ni ipi? Jamaa bila hata kumeza mate anasema nilijenga mfumo wa arifa kuanzia sifuri, unatuma meseji milioni 1 kwa siku na haujawahi kuzima hata dakika moja. Mimi nilishika kichwa. Mfumo ule ni wangu Mjomba! Yeye alikuja miezi 5 baada ya mfumo kuanza kufanya kazi, alichofanya ni dashibodi ya ripoti na kurekebisha vibagi (makosa ya programu) viwili vitatu basi, kuna kimoja wateja walikuwa wanapokea meseji ileile mara 3, vitu kama hivyo. Akaendelea, eti alisanifu foleni ya meseji (pale zinapopanga mstari kusubiri kutumwa), eti alichagua databesi, eti aliongoza timu ya watu 4. Timu ilikuwa ya watu 4 kweli, ila yeye ndo alikuwa wa 4.

Menija kampenda ile mbaya. Kikao kimeisha ananiambia huyu ndo mtu tunayemtafuta, niwekee maksi zako kabla ya Ijumaa, wiki ijayo tunamwita ana kwa ana.

Sasa tatizo langu lipo hapa. Mimi mwenyewe miaka 3 iliyopita niliingia hapa kwa kuongelea mfumo huo huo. Na nilisema, usinicheke, nilijenga peke yangu. Ukweli tulikuwa wengi, mimi niliandika kile kipande cha kurudia kutuma meseji zikifeli, na templeti zote, yani zile meseji za mfano za kujazia (kuna dada mmoja mwanzoni ndo alichora ramani ya mfumo na kuandika kiini chake, ila baadae aliondoka). Kwaiyo mimi sikudanganya, nilitia chumvi kidogo kama watu wote wanavyofanya, huyu jamaa yeye kadanganya mzima mzima.

Nikimchoma, akija akaniona na yeye atanichoma. Nikinyamaza ataajiriwa nitakaa nae tena huku anajisifia kazi yangu mbele ya macho yangu. Nimewaza nimpe maksi za chini kimya kimya yaishe, au nimtafute kwa simu nimwambie ajitoe mwenyewe. Nifanyeje?

Aliyebanwa Katikati


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Umesema nisicheke, nimecheka, nisamehe.

Barua yako nimeisoma mara 3. Mara ya kwanza nilimkasirikia huyo jamaa. Mara ya pili nikakukasirikia wewe. Mara ya 3 nikaanza kumtafuta yule dada, na nimemkuta umemweka kwenye mabano! Mtu aliyechora ramani ya mfumo na kuandika kiini chake umempa nusu sentensi ndani ya mabano, alafu huku nje unalia mfumo ule ni wangu. Nyani haoni kundule ndo hii sasa. Kwa maelezo yako mwenyewe aliyejenga huo mfumo hakuwepo kwenye kikao kile kabisa, sio aliyekuwa anahojiwa wala sio wewe uliyekuwa unaandika.

Na lingine. Hicho kibagi cha meseji kwenda mara 3 umekipitia haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Mimi nimekaa kwenye hizi kazi muda, najua kibagi cha hivyo mara nyingi kinatokea wapi. Mfumo unatuma meseji, upande wa pili umepokea vizuri tu ila jibu linachelewa kurudi, kodi, yani maandishi ya programu yenyewe, inasubiri inachoka inasema hii imefeli, inatuma tena, na tena. Dawa yake ni kila meseji kuipa namba yake ya pekee ambayo haibadiliki hata ikirudiwa mara 10, ili anayepokea akiiona namba ileile ajue hii nishaichukua, aiache. Sasa niambie, kile kipande cha kurudia kutuma zikifeli kilikuwa cha nani? Chako. Kwaiyo kama nimepatia, jamaa alikuja akarekebisha ulipoharibu wewe, na wewe leo unaita vibagi viwili vitatu. Simtetei, kadanganya na nitamfikia. Ila nataka ujue unapanga kumpa maksi mtu ambaye unamwonea wivu na unamwogopa kwa wakati mmoja, na maksi za namna hiyo huwa hazina maana yoyote.

Tuanze na la haraka maana Ijumaa haikusubiri. Usimpe maksi. Za juu, za chini, usimpe kabisa. Nenda kwa menija wako leo, sio kesho, mwambie hivi tu: huyu mwombaji wa 4 namfahamu, tulifanya kazi timu moja kampuni iliyopita, nilishtuka kusikia sauti yake sikujua niseme nini pale, naomba nisimpe maksi mimi. Basi. Hiyo haimchomi mtu, ni kitu ambacho paneli yoyote ya maana inataka kukijua kabla haijaamua. Ukichelewa ndo linageuka kuwa kosa, kwa sababu wiki ijayo jamaa akiingia mlangoni atakuona, atasema eh kaka upo huku! na menija atageuka kukuangalia, na hapo huna tena sentensi nzuri ya kusema.

Kumpigia simu ajitoe, hapana, tena hilo lisahau kabisa. Mhojaji anayempigia mwombaji kwa siri kumtisha ni kosa kubwa kuliko la kutia chumvi, na likijulikana hakuna atakayekumbuka jamaa alisema nini, watakukumbuka wewe.

Menija akikuuliza, na atakuuliza, je ni kweli alijenga ule mfumo? Hapo ndo patamu. Kiswahili chetu kuna vidudu viwili vidogo mwanzoni mwa kitenzi vinabeba uongo mwingi kuliko CV nzima. Tulijenga. Nilijenga. Umebadilisha tu- kuwa ni- na watu 3 wamefutika duniani, kimya kimya, hawajalalamika hata. Wewe umefanya hivyo na yeye kafanya hivyo, tofauti ni kwamba yeye alikuwa mbali zaidi na jiko. Kwaiyo jibu lako kwa menija lianze na tu-. Tulikuwa 4, aliyesanifu ni dada fulani, mimi niliandika kurudia kutuma na templeti, huyu alikuja baadae akafanya dashibodi na akarekebisha tatizo la meseji kurudiwa. Alafu malizia, na mimi wakati naingia hapa niliusemea ule mfumo kuliko nilivyostahili.

Najua hiyo sentensi ya mwisho imekutoa jasho. Hebu nikueleze kwa nini naona uiseme. Kuna kutia chumvi na kuna kughushi, na watu wanavichanganya. Kughushi ni digrii ambayo huna, kampuni ambayo hujawahi kufanya kazi, cheti cha kuchora. Hicho hakiozi, kinakaa hapo hata miaka 20 kinakusubiri. Scott Thompson alikuwa rais wa PayPal, mtu mzito, Januari 2012 akachukuliwa kuwa bosi mkuu wa Yahoo, Mei mwaka huo huo akawa ameshaondoka, kisa wasifu wake ulikuwa unasema ana digrii ya uhasibu na sayansi ya kompyuta wakati ya uhasibu ndo aliyokuwa nayo tu. Hakuna aliyesema hajui kazi. Ila mwenye hisa mmoja aliyekuwa anagombana na kampuni alichimba akakuta ule mstari mmoja, basi ukatosha.

Wewe hujaghushi, ulifanya kazi pale kweli na kodi uliandika kweli. Na miaka 3 uliyokaa hapo wameshakuona unavyofanya kazi, hiyo ni intavyuu ndefu kuliko ile ya saa 1. Sikuahidi kwamba menija atacheka akupigepige bega, anaweza kukunja uso, anaweza kukaa kimya dakika nzima ukaona kama mwaka. Lakini ikitoka mdomoni kwako ni mtu mzima anasahihisha jambo lake, ikitoka mdomoni kwa jamaa wiki ijayo, tena mbele ya paneli, ni mtu kaumbuliwa. Mimi ningechagua la kwanza, na sijawahi kuona la pili likiisha vizuri.

Haya, jamaa mwenyewe. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu barua za aina hii napata nyingi, watu wanalalamika waombaji wanapiga kamba, ila wanaohoji nao kamba zinapita mbele yao hawazioni kwa sababu hawafanyi hesabu.

Kasema meseji milioni 1 kwa siku. Inasikika kubwa eh? Siku ina sekunde 86,400. Gawanya. Unapata kama 12 hivi kwa sekunde. Kumi na mbili! Seva moja ya kawaida, databesi iliyopangwa vizuri, inaweza kazi hiyo bila hata kuhema, hapo hujahitaji foleni ya kutisha wala maikrosevisi 30, yani programu ndogo ndogo zinazojitegemea. Simaanishi ni ndogo, inawezekana hizo milioni zote zinatoka ndani ya nusu saa asubuhi, hapo ni zaidi ya 500 kwa sekunde na sasa tunaongea lugha nyingine. Ndo maana swali la kumuuliza sio kweli milioni? Ni saa ngapi zilikuwa zinajaa, na zikijaa kitu cha kwanza kuelemewa kilikuwa nini. Aliyekuwepo anajibu kabla hujamaliza kuuliza, tena anakunja uso, anakumbuka usiku fulani. Ambaye hakuwepo anakwambia tulitumia teknolojia za kisasa kuhakikisha ufanisi.

Haujawahi kuzima hata dakika moja. Hii ndo inanifurahisha kuliko zote. Mfumo ukiahidi kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda, umejiruhusu kuzima karibu saa 9 kwa mwaka. Ukiahidi 99.999, umebakiwa na dakika 5 na kitu kwa mwaka mzima, na kuna kampuni kubwa zinamwaga hela na watu kuzipigania hizo dakika 5. Sasa mtu anakwambia sifuri. Anayesema sifuri mara nyingi hana alichopima, yani mfumo ulizima ila hakuna kengele iliyolia. Muulize mlikuwa mnapimaje, alafu kaa kimya, usimsaidie kujaza.

Nyingine utakayokutana nayo kwa waombaji wengine ni ile ya nilipunguza muda wa kusubiri kwa asilimia 90. Inaweza kuwa kweli tupu! Ukurasa ulikuwa unachukua sekunde 10, databesi ilikuwa inasoma jedwali zima mstari kwa mstari kutafuta mteja mmoja, mtu kaweka indeksi (kama faharasa ya kitabu, inaonyesha kitu kiko wapi), amri ya mstari mmoja, imeshuka sekunde 1. Asilimia 90 hiyo, hajadanganya. Kinachonihusu mimi ni kama anajua kwa nini ilishuka, na kama anajua indeksi nayo ina gharama yake wakati wa kuandika, au aliinakili mahali ikafanya kazi akaenda zake. Na siku hizi kuna ile ya nimejenga AI, ukimfungua ndani unakuta kamwandikia modeli ya watu wengine maelekezo aya 2 akapokea jibu akalionyesha kwenye skrini. Ni kazi halali kabisa, aiite hivyo hivyo.

Ila na sisi upande huu wa meza tusijifanye malaika. Matangazo yetu ya kazi ndo yanafundisha watu uongo. Mwaka 2020 Sebastián Ramírez, huyo ndo aliyeitengeneza FastAPI (zana ya kujengea programu kwa lugha ya Python), alisimulia kwamba kaona tangazo la kazi linataka mtu mwenye uzoefu wa miaka 4 na zaidi wa FastAPI, wakati yeye mwenyewe aliyeiumba ilikuwa ina mwaka 1 na nusu tu tangu aianze. Sasa fikiria, mwenye nayo hafai! Tangazo kama lile mkweli analisoma anafunga, anayebaki kuomba ni nani? Tunachuja wakweli mlangoni alafu tukifika ndani tunashangaa mbona wote waliobaki wanapiga kamba. Hebu kalisome tangazo la hiyo nafasi yenu kabla hujamlaani jamaa, nina wasiwasi utakuta limeandika aliyejenga mfumo mkubwa kuanzia sifuri, na jamaa kawasomea tu mlichoandika.

Na sisemi haya kwa usafi. Zamani mimi nilienda intavyuu nikasema nina uzoefu wa miaka 5 na Linux, ule mfumo endeshi wa kompyuta. Nilikuwa nimeiinstoo mara moja kwenye laptopu ya rafiki, nikaharibu. Yule mzee aliyenihoji, mpole sana, akaniuliza tu, diski ya seva imejaa unafanyaje? Nikasema nafuta mafaili. Akasema sawa, umefuta faili la logi (kumbukumbu za matukio ya programu) la giga 40, unaandika df, amri ya kuangalia nafasi ya diski, bado inakwambia diski imejaa, kwa nini? Mpwa wangu, nilikaa pale nikaangalia dari. Nikasema labda niwashe upya. Akatabasamu akasema ukiwasha upya itakubali kweli, ila unajua kwa nini? Sikujua. Kumbe programu iliyokuwa inaandika kwenye lile faili bado imelishika, jina limefutika ila nafasi haiachiliwi mpaka programu ilifunge au izimwe. Kazi sikupata bila shaka. Lakini lile jibu sijalisahau mpaka leo, na mzee yule hakuniumbua, alinionyesha tu mahali ninapoishia, na mimi mwenyewe nikaona.

Ndo hivyo nataka jamaa ahojiwe wiki ijayo, na sio na wewe. Mwambie menija amuulize swali lile lile atakalowauliza wote walioitwa, asimtegee mtego kwa siri uliyompa wewe, sio haki. Amuulize tu, tusimulie siku mfumo ulipoharibika, wewe ulifanya nini kwa mikono yako. Akisema haukuharibika kamwe, kajimaliza mwenyewe wala hukuhusika. Lakini kuna uwezekano mwingine, kwamba akiulizwa hivyo atasahau ile hotuba yake aliyoikariri aanze kusimulia zile meseji za mara 3, alivyokaa anasoma logi, alivyoona namba zinajirudia, alivyogundua kwamba jibu linachelewa sio kwamba meseji imefeli, hiyo ni hadithi nzuri kuliko nilijenga kuanzia sifuri mara 100. Mimi ningemwajiri kwa hiyo. Yani mtu ana dhahabu mfukoni anatembea anaonyesha watu shaba ya kuazima, hilo ndo linalonisikitisha kwa vijana wengi wanaokuja mbele yangu, kazi ndogo waliyoifanya kweli wanaionea aibu.

Na swali hilo unaliogopa, nimekuona. Kwa sababu jibu lake lina jina lako ndani. Ndo maana nimesema kaongee na menija leo.

CV yako nayo ifungue usiku huu. Ule mstari wa nilijenga ufute, andika timu ya watu 4, mimi niliandika sehemu ya kurudia kutuma na templeti, na kama una moyo ongezea kwamba toleo la kwanza lilituma meseji mara 3 na ukajifunza kwa nini. Mhojaji akikuta mstari kama huo anasimama hapo hapo, maana kasoma CV 60 asubuhi ile zote zimejenga mifumo isiyozima.

Alafu yule dada. Mtafute. Sio kwenda kumwomba msamaha kwa hotuba ndefu, pengine hata hajui kama kuna watu 2 wamempora mfumo wake. Msalimie, muulize siku hizi yuko wapi, na kama anatafuta kazi mwambie aombe kupitia HR kama mwombaji mwingine yeyote, na kwake pia ukae pembeni usimpe maksi. Si nafasi bado iko wazi?